Gegedu si mfupa laini

Katika vijitabu vya afya na hata vya shule, "mfupa laini" unazidi kukalia kiti cha gegedu, na waliolipitisha jina hilo hujitetea kwamba ndilo mwananchi analolielewa. Analielewa, lakini analielewa vibaya. Jina hilo humfanya aamini kwamba gegedu ni mfupa mchanga, kama saruji iliyokorogwa ikangojewa kukauka. Mwilini haiwi hivyo. Ni kweli mfupa wa paja la mtoto aliye tumboni huanza kwa umbo la gegedu, ila baadaye seli zake nyingi huvimba na kufa, mishipa ya damu hupenya, kisha seli za aina nyingine huja kujenga mfupa palepale. Mmoja amehama, mwingine amehamia. Na gegedu lililobaki kwenye goti la mtu mzima halina mshipa wa damu hata mmoja. Hulishwa na majimaji ya kiungo. Ndiyo maana mfupa uliovunjika huunga, ilhali gegedu lililochanika hupona kwa shida sana. Tazama picha ya eksirei ya goti: kati ya mfupa wa paja na ule wa muundi pana mwanya unaoonekana mtupu. Humo ndimo gegedu lilimo.

Kuna hasara nyingine ambayo waliolipitisha jina hilo hawakuipima. Mfupa laini hasa upo, nao ni ugonjwa: vitamini D ikipungua mno, mifupa hukosa madini ya kuikaza, ikalainika, na mtoto akapata matege. Gegedu likishapewa jina hilo, mfupa huo mgonjwa tutauitaje? Mzee anayeambiwa kwamba "mfupa laini" wa goti lake umelika atakwenda kutafuta maziwa na vidonge vya kalisi, dawa ya mfupa, wakati kilicholika si mfupa. Mwalimu naye atalazimika kufundisha kwamba papa na taa wana mifupa, ingawa kiunzi chao chote ni gegedu.

Wapinzani wana hoja moja ninayoiheshimu: Wajapani husema nankotsu, yaani mfupa laini, na tiba yao haijaanguka. Lakini nankotsu ni neno moja lililoshikamana, halikatiki. "Mfupa laini" ni nomino na kivumishi, na kivumishi katika Kiswahili huachwa njiani upesi; sentensi ya pili ya makala ileile huwa tayari inasema "mfupa huo". Waarabu, ambao tumechota kwao istilahi nyingi, wana ghudrufu kando ya neno lao la mfupa. Wajerumani wana Knorpel kando ya Knochen. Wagiriki waliliita khondros, neno lililotaja pia punje ya nafaka, kwa hiyo walipolitafutia mfano hawakwenda kwenye mfupa. Sisi wenyewe kano hatuiiti nyama ngumu. Mfupa ni neno kongwe la Kibantu, Wachewa wana fupa na Washona bvupa, na limebeba maana ya ugumu. Kulibandika "laini" ni kulivunja. Gegedu halidai chochote kwa jirani. Tamka ge-ge-du polepole: ulimi na taya hufanya kazi kama ile ya kutafuna kile cheupe kinachong'aa kwenye ncha ya paja la kuku, kinachokatika bila kumeguka vipande vikali.

Inasemekana gegedu ni neno gumu. Wanafunzi wanaokariri usanisinuru hawatashindwa na silabi tatu, na neno limo kamusini, halikutungwa jana wala na mimi. Matumizi ni mepesi: gegedu la pua, gegedu la sikio, magegedu ya koo, seli za gegedu, samaki wa gegedu. Liwekwe katika ngeli ya LI-YA, pamoja na goti, sikio na jino.