Stelingi Alipokufa Sebuleni

Waliokulia Dar es Salaam, Tanga au Unguja miaka ya 1980 wanaijua kanuni moja ya sinema ambayo hakuna mtengenezaji wa filamu aliyeiandika: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatoswa mtoni, atafungwa kamba ghalani, lakini picha ikifika mwisho adui yuko chini na yeye yuko wima. Ndiyo maana Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975, iliwachoma watu rohoni. Humo Amitabh Bachchan, akiitwa Jai, anabaki peke yake darajani kuwazuia majambazi ili mwenzake awahi kufuata risasi, na mwenzake anaporudi anamkuta anakata roho.

Niliiona nikiwa mtoto, nimekaa mkekani katika sebule ya jirani mwenye deki. Kilio cha watu wazima nakikumbuka, lakini ubishi uliofuata naukumbuka zaidi. Wapo walioshikilia kwamba basi stelingi ni Dharmendra, yule mwenzake Jai, kwa kuwa ndiye aliyebaki hai. Wengine walikataa katakata: stelingi ni Jai, na aliyetunga picha ndiye aliyeharibu. Mama mwenye nyumba aliwasikiliza wote, kisha akauliza swali moja: ile sarafu aliyokuwa akirusha Jai kila walipotaka kuamua jambo, mbona pande zote mbili zilikuwa sawa? Sebule ikanyamaza. Jai alikuwa amekwisha kuchagua kufa kabla hajairusha. Hakuna mhakiki niliyemsoma baadaye aliyeniingiza ndani ya filamu ile zaidi kuliko mama yule, ambaye Kihindi hakukijua.

Historia ya sinema kwetu husimuliwa kwa majengo. Tunaambiwa habari za Royal ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1921 na mfanyabiashara Hassanali Adamali Jariwalla kwa mchoro wa J. H. Sinclair, na baadaye ikaitwa Majestic. Tunaambiwa habari za Avalon, Empire na Empress za Dar es Salaam. Ni habari za kweli, na majengo hayo yanastahili heshima. Ila picha haikuishia mlangoni pa jengo. Watu walitoka nayo, wakaibeba hadi barazani na jikoni, wakaijadili kwa siku kadhaa. Unguja yalikuwapo hata maonyesho ya wanawake peke yao, na yaliyosemwa njiani kurudi nyumbani yalikuwa nusu ya starehe.

Mfano mkubwa ni Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Humo yumo jaji anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na kwa imani hiyo anamfunga mtu asiye na hatia. Mtu yule analipiza kisasi kwa kumteka mke wa jaji. Mke anarudi akiwa mjamzito, mumewe anamshuku na kumfukuza. Mtoto, Raj, anazaliwa mitaani, analelewa na yule yule aliyefungwa bure, anakuwa mwizi. Mwisho anasimamishwa kizimbani, na wakili wake ni Rita, msichana anayempenda, anayechezwa na Nargis. Jaji anachezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor mwenyewe.

Sasa fikiria picha hiyo inatua mahali ambapo kila mtu amekua akisikia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Ubishi ulikuja wenyewe. Je, methali ni ya kweli? Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa maneno ya watu, hukumu yake ni ipi? Binti aulizwe ukoo wa mchumba au aulizwe moyo wake? Haya ni mambo ambayo nyumbani ilikuwa vigumu kuyasema waziwazi kuhusu ndugu na majirani, lakini kuhusu Raj na Rita yalisemeka mbele ya mama mkwe bila mtu kukosa adabu. Mother India ya mwaka 1957 ilifanya kazi hiyo hiyo kwa swali zito zaidi: mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa ili kulinda heshima ya binti wa kijijini kwao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema. Basi yule aliujua, na bado alifyatua.

Kilichozihamishia picha hizi za zamani sebuleni ni deki ya video. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hadi mwaka 1994. Kwa hiyo Bara deki ilitangulia kituo cha televisheni. Mlango ulifunguka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni bila kuulizwa alikozipata, ukapanuka zaidi enzi za rais aliyeitwa Mzee Ruksa. Deki na mikanda vililetwa kutoka Dubai, vingine vikatumwa na jamaa waliokuwa Oman na nchi nyingine za Ghuba. Mikanda mingine ya Kihindi ilikuja na maandishi ya Kiarabu chini ya picha, na aliyesoma madrasa akijikongoja kuyasoma aligeuka mkalimani wa nyumba nzima.

Wasio na jirani mwenye deki walilipa kiingilio kwenye banda la video, lile lililoitwa kibanda umiza kwa joto na msongamano wake. Huko ngumi na bunduki zilitawala: Bruce Lee, Rambo, Commando. Enter the Dragon ilikuwa na uzito wake wa pekee. Bruce Lee alifariki Julai 1973, wiki chache kabla filamu hiyo haijaanza kuonyeshwa, kwa hiyo kila mtoto aliyemwona akishinda alikuwa anamtazama marehemu. Tulibishana kwa miaka juu ya nani alimuua.

Kutoka katika vibanda hivyo akatokea mtafsiri. Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa Lufufu, aliyeingiza sauti yake juu ya filamu za kigeni na kumzungumzia kila mhusika, mzee kwa binti, polisi kwa mwizi. Kenya wakampata DJ Afro, na Uganda VJ Jingo akafanya hivyo kwa Kiganda. Wengi wamewalaumu watu hawa kwa kuongeza maneno yasiyomo katika picha, na kwa upande wa hakimiliki lawama ina msingi. Lakini kwa usimulizi siikubali. Wanapomkejeli adui, wanapomwonya stelingi kwamba nyuma kuna mtu, wanafanya kile kile kilichofanywa na watu wazima sebuleni: wanatoa maoni yao juu ya picha huku picha inaendelea. Kwangu hiyo ni fasihi simulizi, na ni ya kiwango cha juu.

Leo mkanda umekwisha. Mtu anapeleka flashi dukani, anajaziwa sizoni ya Kikorea iliyotafsiriwa, na Jumong yenye vipande 81 anaimaliza peke yake chumbani, simu mkononi, spika masikioni. Picha ni nyingi kuliko wakati wowote uliopita. Kinachopungua ni mtu wa kubishana naye pale pale.

Wakati huohuo mikanda ile inaoza. Utepe wa VHS huota ukungu, na hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi haiusaidii. Mikanda ya tafsiri za awali, pamoja na sauti na vichekesho vyake, imelala kwenye maboksi chini ya vitanda, nayo haina nakala huko India wala Marekani. Nawaomba wenye mikanda hiyo wasiitupe. Waipeleke kwa mtu mwenye deki inayofanya kazi, ihamishiwe kwenye kompyuta. Na mwenye bibi aliyeiona Awara akiwa msichana, amwulize wiki hii kama yule jaji alistahili kusamehewa, na amrekodi anapojibu.