Land Rover ya Rubafu na Fundi Asiyeandikwa

Wiki hii, ndugu msomaji, naomba nikupeleke Rubafu, katika rasi ile ya Bugabo, kaskazini ya mji wa Bukoba, inayochomoza ndani ya Ziwa Viktoria. Nilikwenda huko kuzika. Wakati wa kurudi nilivutwa kwa kamba.

Tulikuwa katika Land Rover ya shemeji yangu, ile ndefu ya 109, ya miaka ya 1970, inayotumia petroli. Nyuma walikaa mama wakubwa wawili, sufuria za msibani na mikungu mitatu ya ndizi. Tulipoanza kuupanda mlima kutoka mwaloni, gari lilianza kuchemsha. Moshi mweupe ukatoka nyuma, nguvu zikaisha, likasimama. Shemeji alichomoa kijiti cha kupimia oili akanionyesha. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na hata mimi ambaye kazi yangu ni kusema redioni nilijua kwamba maji yameingia mahali pasipo pake.

Tukaomba msaada wa lori lililokuwa limepakia dagaa. Shemeji akapanda mbele na dereva wa lori kumwongoza, akaniachia usukani na onyo moja: “Shemeji, mwenye kuvutwa ndiye mwenye breki. Usiiache kamba ikalegea.” Nililisahau onyo hilo kwenye mteremko wa kwanza. Kamba ililegea, kisha ikavutika kwa ghafla na kukatika. Tuliifunga, nikaikata tena. Mara ya tatu mama mkubwa mmoja aliniuliza kwa upole, “Waitu, huko redioni nako unaendesha hivi?”

Tulifika Bukoba giza limeingia. Gereji tuliyopelekwa haina ukuta wala kibao. Ina mwembe, mapipa mawili, na mzee aliyekwisha kupita miaka 60, ambaye aliitikia shikamoo yangu akiwa chini ya gari jingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Asubuhi alifungua silinda hedi. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Aliweka rula ya chuma juu ya ile hedi, akainama kutazama kama mwanga unapenya chini yake, akaisugua taratibu kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, akapima tena. Alipokuwa akikaza bolti alianzia katikati akaenda nje, zamu kwa zamu, kama mtu anayetandika mkeka usifanye mikunjo. Nilimwuliza alisoma chuo gani. Akacheka. “Mwanangu, chuo changu kilikuwa uhaba.”

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, maana hata gari lenyewe lilizaliwa na uhaba. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, chuma cha pua kilikuwa cha mgawo nchini Uingereza. Kampuni ya Rover, chini ya mhandisi wake Maurice Wilks, ilihitaji gari la shamba ambalo lingeuzika nje na kuleta fedha. Wakatumia bati za aluminiamu, ambazo hazikuwa na mgawo mkali kama wa chuma, na mwaka 1948 wakalionyesha gari hilo kwenye maonyesho ya Amsterdam. Lilikusudiwa kuwa la muda tu. Badala yake likaenea katika makoloni, likambeba bwana shamba, mmisionari na bwana D.C., na baada ya Uhuru likambeba mkuu wa wilaya na mganga.

Lakini historia hiyo ni ya kiwandani. Ya kwetu ilianza pale vipuri vilipokwisha. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Njia ya Nairobi, iliyokuwa ikileta vifaa vingi vya magari, ikazibwa hadi Novemba 1983. Kabla hatujazoea, majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba yakalivunja daraja la Kyaka katika Mto Kagera. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwaagiza wakuu wa mikoa kukusanya nguvu zote kwa ajili ya vita, na malori na mabasi ya kiraia yakachukuliwa kusaidia jeshi. Yalikuja huku kwetu, mkoa uliokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi, wakati wa mvua na tope.

Mzee wetu wakati huo alikuwa kijana wa kuosha vifaa kwa petroli katika gereji mjini Bukoba. Anasema magari yaliletwa yakivutana mawili mawili, mara nyingine matatu, na kazi yake ya kwanza ya heshima ilikuwa kukaa kwenye usukani wa gari la nyuma. “Sikukata kamba hata moja,” aliniambia, akinitazama.

Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Magari yalirudi, yale yaliyorudi, yakiwa hoi. Hazina ya nchi nayo ilikuwa hoi, kwa kuwa gharama za vita, bei ya mafuta iliyopanda mwaka huo na bei ya kahawa iliyoshuka vyote viliangukia mabega yaleyale. Fedha za kigeni hazikuwapo. Wenye umri wangu tunakumbuka foleni za sabuni na sukari. Fundi anakumbuka foleni ya ringi za pistoni.

Akanieleza walivyofanya. Gasketi ya zamani ilipakwa rangi ya silva na kurudishwa. Gasketi za vifuniko zilikatwa kutoka kwenye maboksi ya karatasi ngumu. Mafuta ya breki yalipokosekana, maji ya sabuni yalitiwa badala yake, jambo ambalo anasema leo asingelithubutu. Land Rover tatu mbovu zilizaa moja nzima, na ile nzima ikapewa jina la kitani.

Nikamwambia, kwa mzaha, kwamba basi uhaba ulikuwa mwalimu mzuri. Hakucheka. Aliweka spana chini.

“Mwaka 1982,” alisema, “gari la zahanati moja kule kwetu lilikaa juu ya mawe miezi minne kwa kukosa sahani ya klachi. Wagonjwa walibebwa kwa machela. Dada yangu alikuwa na uchungu wa uzazi. Walimbeba usiku kucha. Hakufika.” Kimya kikapita. “Klachi ile ningeweza kuitengeneza. Nilikuwa sijajua tu. Aliyekuwa akijua alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.”

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo sisifu tena dhiki. Mwalimu wa namna hiyo hudai ada kubwa mno.

Naye hakuwa wa kwanza katika ardhi hii kupatwa na jambo hilo. Mwezi Septemba 1978, majuma machache tu kabla ya vita, jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery juu ya uyeyushaji wa chuma wa kale magharibi mwa Ziwa Viktoria. Walieleza jinsi wahunzi wa Buhaya, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, walivyotumia mivukuto na mirija ya udongo iliyoingia ndani kabisa ya tanuru, na kupata joto kali lililowapa chuma bora. Mabaki ya kazi hiyo yalichimbuliwa Katuruka, mwendo mfupi tu kutoka Bukoba mjini. Dunia ilistaajabu. Lakini uyeyushaji ulikuwa umekwisha kuachwa, vyuma vya bei rahisi kutoka Ulaya vilipojaa sokoni. Ili watafiti waone tanuru likiwaka, iliwabidi wazee wachache waliobaki wakusanyike na kukumbuka kazi ya ujana wao, wakijaribu, wakikosea, wakijaribu tena. Wangechelewa miaka michache, tungebaki na vipande vya udongo na kubahatisha.

Nchi hii tunajua kuhifadhi. Magari ya viongozi tumeyaweka makumbusho, nasi tunafanya vyema. Lakini fundi aliyeyafanya yatembee yumo katika kitabu gani? Magari ya leo yana kompyuta, na kijana huipima injini kwa kuichomeka waya. Simlaumu, ndiyo zama zake. Tena VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Ni hatua njema. Hata hivyo cheti humwambia mwajiri kwamba fulani anajua; hakielezi alichokijua.

Kwa hiyo siku ile niliwasha kinasa sauti changu. Nilimwomba aanze upya, kuanzia sahani ya klachi, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Tulikaa hadi jioni, tukitafuna kahawa. Vijana wake wawili walikuja wakasimama nyuma yangu kusikiliza, na mmoja akauliza swali ambalo, kwa maneno ya mzee, hakuwahi kuulizwa na mtu kwa miaka 40: hiyo sahani, ukiwa huna kabisa, unaifanyaje?

Alimjibu kwa dakika 20. Ninayo kanda yote.

Gari la shemeji liliwaka kwa mara ya pili ya kupiga hendeli. Tukarudi Rubafu kurudisha sufuria. Safari hii hakuna aliyenipa usukani.