Mzazi Mzee Aliyeko Oldeani: Ahamishiwe Visiwani au Atunzwe Kwake?



Zipo familia za hapa visiwani zenye mzazi anayeishi Oldeani, nazo huuliza: je, ni wajibu kumhamishia Unguja au Pemba, au yatosha kumpelekea matumizi?

Oldeani ni kata ya Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, chini ya mlima wenye jina hilo. Ni nchi ya Wairaqw, na mashamba yake ya kahawa yalivuta vibarua kutoka pande nyingi. Kuanzia Juni hadi Agosti huwa na baridi tusiyoijua sisi watu wa pwani.

Katika Suratul-Israa, Aya ya 23, Allaah Ameutaja uzee unaowafikia wazazi wakiwa mikononi mwa mtoto wao. Huo ni wajibu wa kuwatunza, wala si ruhusa ya kumng'oa mzee kwake bila ya ridhaa yake. Mwenye akili timamu ndiye wa kuulizwa kwanza. Aliyezoea ubaridi akiletwa kwenye joto letu la Februari hupata tabu, kwani hisia ya kiu hupungua uzeeni na mwili hukauka bila ya mwenyewe kutambua. Tena kule anaijua njia ya msikitini na ana majirani. Huku atatiwa chumbani akae kitako kutwa, na kukaa huko ndiko kunakoidhoofisha miguu. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kila wiki, pamoja na mazoezi ya kujiimarisha wasianguke, siku 3 au zaidi. Kutembea kwenda kuswali na kupalilia bustani yake ni sehemu kubwa ya hayo.

Lakini kutuma fedha kwa simu tu na kudhani wajibu umekwisha, hilo hatulikubali. Lazima awepo mtu wa karibu, hasa usiku. Wazee wengi huanguka wakienda chooni gizani, na wanaotumia dawa za presha hupata kizunguzungu wakiinuka ghafla. Taa, mahali pa kushika ukutani na viatu visivyoteleza vina faida kuliko zawadi nyingi tunazopeleka Idi.

Jambo la kutilia mkazo ni jiko la mkaa. Penye baridi watu huliingiza chumbani na kufunga madirisha, nalo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Jiko libaki nje. Mzee apewe mablanketi, soksi na maji ya moto. Maji ya udhu yapashwe. Akikosa cha kupashia, naye akahofia madhara ya kweli, atatayamamu, kama alivyofanya 'Amr bin Al-'Aas (Allaah Amridhie) katika usiku wa baridi. Asiyeweza kusimama ataswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa ataswali kwa ubavu.

Kuhusu matumizi: mzazi fukara kumlisha na kumtibu ni juu ya watoto wenye uwezo, wa kiume na wa kike, kwa hiyo haijuzu kumpa Zaka yako kwa fungu la mafukara. Wapo wanaofanya hivyo wakidhani wamepata thawabu mbili! Hapa Zanzibar wenye miaka 70 na zaidi wana Pensheni Jamii iliyoanza Aprili 2016. Bara hakuna pensheni ya wazee wote namna hiyo, basi mzigo wa mtoto ni mkubwa zaidi. Hata hivyo Sera ya Afya ya 2007 imewasamehe malipo ya matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mfuatilieni kitambulisho chake kwa mtendaji wa kijiji.

Akianza kupotea njia, au kusahau jiko motoni, au akakosa wa kulala naye, hukumu inabadilika. Hapo mtoto mmoja aende akakae naye, na ikishindikana aletwe kwa upole, baada ya daktari kumwona kabla ya safari hiyo ndefu ya basi na boti.

Na Allaah Anajua zaidi.