Mshale Ulioandika Herufi

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, niliondoka na laptopu ya mtumba na kiburi kidogo. Kazi ya kwanza kupata ilikuwa kupanga orodha ya majina kwa Python, mteja anaitaka jioni hiyo hiyo. Niko keja Umoja Innercore, tokeni za stima zinaisha, nikabonyeza mshale wa juu nirudishe mstari niliouandika. Skrini ikatema ^[[A. Nikabonyeza tena: ^[[A^[[A. Nikajiambia, ndio hii sasa, vitu walifundishwa mwaka wa tatu mimi nikiwa nishaenda.

Kumbe herufi hizo zina umri kunishinda. Zamani terminali ilikuwa mashine yake kando, skrini na kibodi tu, waya ukielekea kwa kompyuta chumba kingine. Waya ulipitisha herufi, na mshale hauna herufi yake. Watengenezaji wakapitia mlango wa nyuma: tuma Escape, yaani namba 27, halafu herufi za kawaida zifuate. VT52 ya kampuni ya DEC, mwaka wa 1975, ilituma Escape na A. VT100 ya 1978 ikaweka [ katikati. Ikauzwa sana hadi wengine wakaiiga, na terminali ya laptopu yangu bado inajifanya mashine ya ukoo huo. Hiyo ^[ ndiyo Escape ikikosa wa kuipokea.

(Kwa ADM-3A ya 1976, mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L. Bill Joy aliandika vi akiitumia, ndiyo maana watu wa vi hutembea kwa herufi hizo hadi leo.)

Kwangu aliyekosekana ni Readline, programu ndogo inayosoma herufi hizo na kuzigeuza kuwa mwendo. Nilikuwa nimejijengea Python kutoka kwa msimbo wake bila faili za Readline, nayo ikapokea mshale kama maandishi. Kama mishale ingekataa ndani ya programu za skrini nzima, ningeangalia TERM kwanza: VT100 ina hali nyingine ambapo hutuma Escape, O, A, na programu iliyosubiri [ inabaki imeduwaa.

Bando ilikuwa imeisha. Nikabisha kwa jirani wa ploti.

"Buda, niwashie hotspoti dakika tano."

"Sawa, lakini usishushe muvi."

Nikaweka faili, nikajenga Python upya, feni ikilia kama matatu ya Outering. Nikaandika mstari, nikabonyeza mshale wa juu. Ukarudi, na kosa langu la tahajia likiwa ndani. Orodha niliituma saa nne usiku. Mteja alikuwa ameshalala.