Kusema Mbele ya Darasa: Historia ya Uwasilishaji Simulizi wa Kiswahili Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Katika mfumo wa 8-4-4, mtahiniwa wa Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu katika KCSE hukabiliana na mtahini, akazungumza. Mtahiniwa wa Kiswahili hafanyi hivyo. Karatasi zake tatu, yaani Insha (alama 40), Lugha (alama 80) na Fasihi (alama 80), zote ni za kalamu. Nyuma ya mpango huu mna dhana kwamba Kiswahili si lugha ya kigeni kwa mwanafunzi wa Kenya, hivyo kukisema hakuhitaji kupimwa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa historia ya Turkana inaipinga dhana hiyo, na kwamba kipindi cha fasihi simulizi ndicho mahali pa kuirekebishia.

Lugha ya amri

Wakati wa ukoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa: mgeni hakuingia bila kibali. Kiswahili kilifika Lodwar pamoja na askari, makarani na wachuuzi. Kwa mfugaji kilikuwa lugha ya kodi na ya amri, lugha ya kusikilizwa zaidi kuliko kusemwa. Lodwar ndiko serikali ilikomweka Jomo Kenyatta kati ya 1959 na 1961, baada ya kifungo chake cha Lokitaung, ili msemaji huyo awe mbali na hadhira yake.

Hata hivyo, kusema mbele ya watu hakukuwa jambo geni kwa Waturkana. Wazee walijadiliana chini ya mti, kila mmoja akisimama kwa zamu yake. Kijana alimsifu fahali wake kwa wimbo. Watoto walitambiwa ngano jioni. Ulumbi ulikuwepo, kilichokosekana ni Kiswahili.

Somo la lazima

Kufuatia ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981, mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa. Mtoto wa Lodwar akaanza kupimwa kwa kipimo kimoja na mtoto wa Mombasa. Ikumbukwe kuwa Kiturkana si lugha ya Kibantu. Nomino zake hugawanyika katika jinsia tatu, na kwa kawaida kitenzi hutangulia kiima. Anayekariri ngeli kwenye daftari huenda akafaulu. Akisimama kusema, ngeli zinamponyoka.

Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar. Miongoni mwa waliofika mwanzo walikuwamo maelfu ya vijana kutoka Sudan, waliokuwa wamelazimika kuondoka Ethiopia mwaka 1991. Shule za kambini zikaja kufuata mtaala wa Kenya. Mzungumzaji wa Kidinka, Kinuer au Kisomali akakutana na Kiswahili kama lugha mpya kabisa. Baadaye wakaja pia Wakongo ambao Kiswahili chao kina lafudhi na msamiati wa mashariki ya Kongo. Hawa walisema kwa ufasaha, lakini mara nyingi si kwa usanifu unaotarajiwa shuleni.

Fasihi simulizi kwenye karatasi

Silabasi iliyorekebishwa mwaka 2002, na kutahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, iliipa fasihi simulizi nafasi kubwa. Utambaji, ulumbi na utafiti wa nyanjani vikaingia darasani. Hapa ndipo penye kinaya. Mwanafunzi anaweza kuorodhesha sifa za mtambaji bora akapata alama zote, ilhali hajawahi kutamba ngano hata moja mbele ya wenzake.

Hasara yake si ndogo. Mwanafunzi wa Kakuma au Lodwar huondoka shuleni akiwa na cheti cha Kiswahili, kisha akanyamaza mbele ya afisa, hakimu au mwajiri. Kwake, Kiswahili kimebaki kuwa lugha ya amri.

Hitimisho

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unaitambua stadi ya kusikiliza na kuzungumza na kuruhusu tathmini ya shuleni. Nafasi ipo, kinachohitajika ni mwalimu kuitumia. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi akusanye ngano ya kwao na kuisimulia katika kikundi kwa lugha aijuayo kabla ya kuitamba kwa Kiswahili. Pili, mwalimu asimkatize kwa kosa la ngeli. Aliandike, alisahihishe baadaye. Tatu, alama zitolewe pia kwa sauti, ishara na ushirikishaji wa hadhira, maana hivyo ndivyo vigezo vya fanani.

Mtoto ambaye babu yake alisikilizwa chini ya mti hana upungufu wa ulumbi. Amenyimwa zamu tu.