Kikombe cha Shosho

Mkahawa mmoja hapa Nairobi unauza chai ya mchaichai kwa bei ya chakula cha mchana, eti inatuliza akili. Nilipomwambia shosho, alicheka. Yeye huukata nyuma ya nyumba, kule Limuru.

Limuru ndiko chai ilikopandwa Kenya kwa mara ya kwanza, mwaka 1903, kwa mbegu kutoka India. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwaachia zao hilo walowezi na makampuni. Wakulima wadogo Waafrika walifunguliwa mlango miaka ya 1950. Kabla ya hapo, wengi waliijua chai kwa mgongo: kikapu, mizani, nyapara.

Shosho alichuma akiwa msichana. Anasema chai ya shambani waliinywa wima, jicho kwa nyapara.

Mchaichai umekopa tu jina la chai. Wake haujawahi kupanda mizani ya mtu. Anaufunika, anangoja, anakaa. Kiazi kitamu anakitafuna polepole, simu yangu ikiita bure.

“Si dawa,” aliniambia. “Ni vile siku hizi hakuna anayenihesabia dakika.”