Barua pepe zilizongoja simu ya usiku

Mwaka wa 1984, Tom Jennings alianzisha FidoNet huko San Francisco, Marekani. Kompyuta za mtandao huo hazikuunganishwa muda wote. Mchana kila moja ilikusanya barua za watu wake. Usiku, bei ya simu iliposhuka, ilipigia nyingine, ikatoa barua za kwenda, ikapokea za kuja, kisha ikakata. Simu isipopokelewa, barua zilitunzwa na mashini ikajaribu tena.

Njia hiyo ilifaa Afrika, ambako laini zilikuwa chache na ghali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, GreenNet ya London ilipitisha barua za vituo vya Fido barani, na Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilikuwa kati ya waliotumia njia hiyo. Barua zilibanwa pamoja, hivyo dakika chache zilitosha watu wengi.

Kazi hiyo ingali hai. Ndugu aliyekimbia vita akizima simu, ujumbe wa WhatsApp wenye alama moja haujapotea, unamngoja. Lakini ukipita siku 30 bila kupokelewa, unafutwa. Inafaa kumwandikia tena.